Mashine Namba Tatu Imezimwa

Wewe unayebonyeza swichi na kugeuka zako, nani kakuhakikishia kwamba umeme umeondoka? Taa imezimika, sawa. Lakini taa ni taa. Umeme hujauona ukitoka, hujausikia, umeamini tu.

Dada Tabitha naye aliamini, na yeye ana digrii ya hayo mambo.

Tabitha ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Wanakaa Kigera, hapa Musoma, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alisoma elektroniki, akamaliza with honours, na mwaka wa nne huu anatengeneza rimoti za watu barazani. Jumanne moja ya mwezi wa tisa ilikuwa siku kama siku nyingine. Mama mkubwa anaparua sato, redio ya jirani inasoma matangazo ya vifo, Tabitha ana koleo mkononi. Simu ikaita. Kiwanda cha kuchambua pamba, Bunda. Wanataka mtu wa elektroniki mwenye cheti, leo hii, na kazi ni ya kudumu.

Kiwanda hichohicho alishakipelekea barua tatu. Zote zilijibiwa mstari mmoja: hana experience. Sasa hiyo experience ilimpata lini, usingizini? Lakini mtu aliyekaa barazani miaka minne haulizi maswali kama hayo. Alivaa viatu vya mahafali, akabeba mita yake ya kupimia umeme, akaondoka.

Gari lilipopita njia panda ya Butiama alimkumbuka babu yetu Clementi, aliyekuwa na redio ya vali, zile taa za kioo kama vichupa vya dawa. Unaiwasha, unasubiri, vichupa vinaanza kuwa vyekundu taratibu, vinapata joto, ndipo sauti inakuja. Ikifa unaona mwenyewe: kioo kimekuwa cheusi. Babu alikuwaga anasema redio ile haiwezi kumficha kitu, kwa sababu moyo wake uko nje.

Meneja, Bwana Leonardi, alimpokea Tabitha kwa soda baridi. Alieleza kama mtu anayesoma orodha ya vipuri. Wiki mbili zilizopita mashine namba tatu ilimvuta mkono mwendeshaji wake, mzee Ngusa, akiwa anatoa pamba iliyokwama kwenye misumeno. Alifia njiani kwenda hospitali. Tangu siku hiyo wafanyakazi wanasema mashine imerogwa, hakuna anayeisogelea. Kwa hiyo kiwanda, kwa akili zake zote, kikaleta mganga kutoka visiwa vya humu ziwani. Mganga akachinja beberu mweusi palepale sakafuni, akanyunyiza damu kwenye misumeno.

Soma tena hapo. Beberu alichinjwa. Swichi haikubadilishwa.

"Mkaguzi wa usalama anataka barua ya mtaalamu tu," Leonardi akasema. "Unapima, unasaini, Jumatatu unaanza kazi. Ofisi yako ile pale, ina feni."

Barua ilikuwa imeshachapwa. Mfumo wa umeme wa mashine namba tatu hauna hitilafu. Mwendeshaji alikuwa amelewa. Chini kulikuwa na jina la Tabitha, majina yote matatu, na mstari wa kusaini. Simu alipigiwa asubuhi ile. Karatasi ilikuwa na tarehe ya juzi.

Alianza kupima saa nne. Godauni lilikuwa bado na ubaridi, na mashine zote zilikuwa zimesimama kwa sababu watu waligoma kufanya kazi karibu na namba tatu. Kila kitu kikasoma vizuri.

Sasa nikueleze kidogo, maana hapa ndipo mtu alipouawa kwa jina la maendeleo. Miaka yote mashine hizi ziliwashwa na kontakta: sumaku inavuta chuma, chuma kinagonga chuma, ta! Ukizima, springi inakirudisha, to. Lidude zito, linasikika mpaka getini. Mwaka jana wakaleta modernization. Wakafunga solid state: kipande cheusi cha plastiki, ukubwa wa kiberiti, ndani yake hakuna kinachotembea. Hakina mlio, hakitaki grisi. Ni kitu kizuri, tusidanganyane. Simu uliyoshika imejaa ndugu zake. Lakini kina tabia mbili ambazo hata mwanafunzi wa mwaka wa pili anazijua. Kikizima, hakizimi chote. Umeme kidogo unavuja. Na joto likikizidi, kinaweza kuwaka chenyewe, kimyakimya, bila kumwambia mtu.

Ndiyo maana zamani pembeni ya kila mashine palikuwa na mkono wa chuma wa kukatia umeme. Unauvuta chini, nyaya zinaachana mbele ya macho yako. Mikono hiyo waliing'oa yote, wakaiuza chakavu, eti mfumo mpya ni smart. Swichi kuu iko chumba kingine, na funguo ya chumba inalala mfukoni mwa Leonardi.

Nje ya godauni mama mmoja alikuwa amekaa juu ya gunia, anachagua mbegu za pamba. Tabitha alimwamkia, akaitikia bila kuinua macho.

"Wewe ndiyo umeletwa kusaini?"

"Nimeletwa kupima, mama."

"Mimi ni Rhobi. Ngusa ni mume wangu." Akaendelea kuchagua mbegu. "Wameandika alilewa?"

Tabitha aliikunja barua, akaitia mfukoni.

"Ngusa hakunywaga. Hata togwa tumbo lilikuwa linaikataa. Alikuwa anasikiliza, basi. Lile boksi la zamani likisema ta, anatoa mkono. Likisema to, anaingiza. Miaka ishirini na nane anafanya kazi kwa sikio. Hiki kipya hakisemagi kitu, mwanangu. Siku ile alisikiliza, akasikia kimya, akajua imezimwa."

Aliinua macho mara ya kwanza, akashusha sauti mpaka Tabitha akalazimika kuinama.

"Andika unachotaka kuhusu mashine. Lakini usiandike alilewa. Na saa saba usikae humo ndani. Pamba inarudigi."

"Pamba ipi, mama?"

Alirudi kwenye mbegu zake.

Saa sita na nusu watu walitoka kwenda kula. Mlinzi, mzee Masatu, alimkuta Tabitha bado ameinama kwenye paneli.

"Injinia wa makaratasi, wewe huli?"

"Nikila nitasinzia, mzee."

"Heri usinzie. Waliomo humo hawasinziagi." Akacheka peke yake, akatoka, lakini mlango aliuacha wazi.

Tabitha alibaki kwa sababu moja ya kisayansi kabisa: joto. Ngusa alivutwa mkono saa saba mchana, mabati yakiwa yanawaka. Kama kile kipande kina ugonjwa, ugonjwa utaonekana saa hiyo. Alishika nyaya za mita, akasubiri.

Mita ilisoma volti mbili. Tatu. Mbili. Kuvuja kwa kawaida, kitabu kinaruhusu. Namba ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Alifikiria ofisi yenye feni. Alifikiria mama mkubwa, anayewaambia watu kanisani kwamba binti yake bado anasubiri majibu. Akawaza, mume wa mtu ameshakufa, hafufuki kwa mimi kukosa kazi. Alitoa kalamu, akaweka karatasi juu ya paneli, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake.

Hapo ndipo alipoiona pamba.

Ilikuwa katikati ya misumeno ya namba tatu, donge jeupe, kubwa kama kichwa cha mtoto. Asubuhi misumeno ilikuwa mitupu. Alikuwa ameimulika mmojammoja. Na mashine hiyo haikuwa imelishwa pamba kwa wiki mbili.

Alikasirika. Ndiyo, alikasirika, ndivyo tulivyo kwenye ukoo wetu, hofu ikija tunaivalisha hasira. Alijua ni mtu anamchezea. Wahuni wa hapa wameweka pamba wamtishe msomi, waje wamcheke. Aliangalia taa ya mashine: imezimika. Aliangalia skrini ya paneli: STOP. Akakunja mkono wa shati, akainama, akaingiza mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko.

Pamba ilikuwa ya moto.

Ilikuwa na unyevu pia. Aliivuta. Haikuja. Aliivuta tena. Ikamvuta.

Kidogo tu. Kama mtoto anavyovuta gauni la mama yake.

Nje hakuna sauti. Kunguru wamenyamaza. Feni ya dari imesimama. Kimya kile, kimya chenyewe, kilichomwambia Ngusa kwamba imezimwa.

Ta!

Mlio ulitoka ukutani nyuma yake, kwenye lile boksi la chuma la kontakta ya zamani, lililoachwa palepale. Chuma kimegonga chuma. Mlio mzito, wa karibu, wa kumshtua mtu mpaka kwenye meno.

Tabitha hakumbuki kutoa mkono. Anakumbuka kwamba ulitoka.

Misumeno ikaanza kuzunguka.

Alikuwa ameanguka chali, anaitazama. Kasi yote. Taa imezimika. Skrini inasema STOP. Mashine inalia kama lori linalopanda mlima, na kila kilichotengenezwa kumwambia binadamu ukweli kinamwambia imezimwa.

Watu walikuja wakikimbia. Leonardi alihangaika na funguo, akakata swichi kuu, misumeno ikapungua, ikasimama. Tabitha aliinuka. Ulimi ulikuwa mzima. Aliiokota ile karatasi.

"Bwana Leonardi, karatasi yako hii hapa, nimeshaianza. Washa swichi kuu, halafu weka mkono wako utoe ile pamba. Ukishaitoa namalizia jina."

"Pamba ipi?"

Wote wakaangalia. Misumeno ilikuwa mitupu. Chuma kinang'aa, hakuna hata unyuzi mmoja.

"Kama hakuna pamba, ni rahisi zaidi," Tabitha akasema. "Weka tu mkono. Mashine haina hitilafu. Umeandika mwenyewe."

Leonardi alirudi nyuma hatua mbili. Hakuna aliyemsukuma.

"Binti, wewe una mchecheto," akasema. "Kazi kama hizi zinataka watu wenye experience."

Tabitha alichana karatasi mara nne, akaviweka vipande juu ya paneli yake ya kisasa. Kisha akamgeukia Masatu.

"Mzee, nani aligusa lile boksi la zamani?"

Masatu aliwapita watu. Akaenda mpaka ukutani, akavuta mlango wa boksi kwa vidole viwili, kama mtu anayefunua uso wa maiti. Ndani hamkuwa na kontakta. Hamkuwa na sumaku, hamkuwa na springi, hamkuwa na waya. Matundu manne ya skrubu na kiota cha nyigu, basi.

"Vyuma vyake viliuzwa pamoja na ile mikono," Masatu akanong'ona. "Mwezi wa pili. Mimi ndiye nilivipakia."

Ni mama Rhobi aliyeuona mkono. Alimshika Tabitha juu ya kifundo, akaugeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Alama tano nyeusi, nne upande mmoja, moja upande wa pili. Mtu amemshika kwa nguvu, kwa mkono wenye grisi. Mama Rhobi aliinusa. Aliweka kidole chake kando ya alama ya pili, ile iliyokuwa imepinda kuelekea nje kama tawi lililovunjika likaungwa vibaya.

"Kidole hiki alikivunja tukiwa bado wachumba," akasema polepole. "Ng'ombe alimkanyaga, kule kijijini Guta."

Hakulia. Alikaa akiwa ameshika mkono wa mtoto wa watu mpaka jua likahama mlangoni.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tisa. Tabitha ameosha kwa sabuni ya unga, kwa mafuta ya taa, kwa petroli mpaka ngozi ikachubuka. Ngozi mpya imeota, na alama zimeota nayo. Jumapili iliyopita nilizihesabu mwenyewe, ziko tano. Zilikuwa na harufu ya mashine.

Kazi alipewa mwingine, kijana mwenye cheti kama chake na njaa kama yake. Simlaumu. Alisaini siku hiyohiyo aliyofika, na namba tatu inachambua pamba mpaka leo.

Kwa hiyo nasema na ninyi: meneja, mwenye kiwanda ambaye hatujawahi kuiona sura yake, na mkaguzi uliyepokea barua ile bila kutoka kwenye kiti chako. Rudisheni mkono wa kukatia umeme kwenye kila mashine, wa chuma, ambao mtu anauvuta na kuona nyaya zikiachana. Futeni neno "amelewa" kwenye jalada la Ngusa, na mfute mbele ya mkewe. Na kama mnaona haya ni maneno ya wasio na kazi, njooni godauni siku ya jua kali, saa saba, muagize watu watoke nje, mkunje mashati yenu mazuri. Mnaona ile pamba katikati ya misumeno? Itoeni.