Kitenge cha Manjano kule Mbunya

Kwa. Kwa. Gizani, kabla ya kengele ya kanisa, Kavira alisikia goti la mama yake likilia ng'ambo ya pazia. Kisha sauti ya Aimée, binti yake Kavira, akimwambia bibi yake: "Koko, fimbo yako."

"Mama, tuweke basi siku ya ndoa," Kavira alisema. "Ephraïm amengoja sana."

"Angoje. Mutoto wangu hatoki ku nyumba mimi nikikokota muguu. Nitakutangulia nikicheza, ama hautatoka."

Ephraïm alinyoosha viungo vya wagonjwa katika kliniki moja ya Mbunya, ambako madaktari walikuwa wakijaribu tiba mpya ya magoti. Yeye na Kavira walijuana sokoni, siku watu walipokimbia mlio wa risasi ambao kumbe ulikuwa wa tairi lililopasuka tu. Yeye ndiye aliyemrudishia Kavira mtoto wake aliyepotea katika fujo ile, na kiatu chake kimoja.

Sasa jirani yao Léonie alileta habari. "Muchumba yako nimemuona jana ku dirisha ya kliniki. Ameshika mwanamuke kiuno, wanacheza rumba. Kitenge ya manjano, mugongo wima. Si kama siye wa kubeba mabidon ya maji."

Kavira akapiga simu.

"Chérie wangu."

"Usiniite chérie. Jana saa tatu ulikuwa na nani?"

"Na mugonjwa."

"Mugonjwa wa rumba?"

"Nitakuambia, lakini si leo. Niliapa."

"Uliapia kiuno yake?"

Alicheka. Kicheko hicho kilimchoma Kavira kuliko uongo.

Kesho yake mama alitoka mapema kwenda kwenye maombi, kama kawaida. Kavira akavaa blauzi yake ya mikono ya puto, akapaka midomo rangi, akamshika Aimée mkono. Kwenye dirisha la kliniki aliona koti jeupe la Ephraïm, na kitenge cha manjano kikiyumba polepole, mgongo umenyooka kama wa msichana. Akasukuma mlango.

"Mwachie huyo, ama uniachie mimi."

"Nikimwachia ataanguka," Ephraïm alisema taratibu. "Sindano hazikumusaidia. Ile kitu laini kati ya mifupa imeisha, hairudi. Tunajaribu kufundisha nyama ya paja ibebe goti. Mazoezi alikataa, ati ni ya maaskari. Kucheza akakubali. Aliniapisha nisiseme mpaka aweze."

Mwanamke akageuka, hatua kwa hatua, bila fimbo. Goti likalia: kwa. Kavira akaonja chumvi kwenye rangi ya midomo.

"Sasa mutaje siku," mwanamke alisema, bila kuacha kucheza.

Aimée akavuta mkono wa mama yake. "Koko anacheza."