Trela la Vyumba Viwili

Ndugu zangu wasomaji, mimi ni mzee wa miaka sabini na moja. Naishi Matrah, ubavuni mwa Maskati, na mke wangu, Zuwena. Tumo wawili tu nyumbani, na kuna siku tunazipitisha tangu alfajiri mpaka isha bila ya kusemezana. Si kwamba amenuna. Alishanisamehe, alisema kwa kinywa chake. Mimi ndiye nisiyejisamehe... na leo nitasema kwa nini.

Tulitoka Unguja mwaka 1964 tukaja Oman, mikono mitupu. Watoto hatukujaaliwa. Jamaa wa pekee aliyembakia mke wangu alikuwa dada yake mkubwa, Asya, aliyekwenda mji wa Qurayyat kwa watu wa mumewe. Sisi tukabaki huku Maskati, nikapata udereva katika kampuni ya mafuta, kuvuta matrela ya wapimaji jangwani.

Miaka sita mizima Zuwena hakumwona dada yake! Kazi ilikuwa hainipi nafasi, na siku zile kusafiri kulitaka ruhusa. Kila akilia nilimwambia: ngoja nistaafu, nitakutembeza Oman nzima, na mwanzo wa yote ni Qurayyat.

Mwaka 1970 nikastaafu, na njia nazo zikafunguka. Kampuni ikaniuzia Land Rover kuukuu. Uwanjani kwao, nje ya Ruwi, palikuwa na matrela mawili ya kulala yanayouzwa, nikamchukua mke wangu tukachague.

Moja lilikuwa dogo: kitanda, jiko la mafuta ya taa, pipa la maji, basi. La pili... subhanallah! Vyumba viwili, madirisha ya vioo kila upande, na mlango wa katikati wa kutenga wanaume na wanawake.

Zuwena akashika mlango wa lile dogo. "Sisi wawili tu, bwana. Hili latutosha. Miye nnataka kufika kwa Asya, sina jengine."

"Na wageni n'tawaweka wapi?" nikamwuliza. "Mtu aje kunisalimu, nimkalishe kitandani kwako?"

"Mgeni tutamtandikia mkeka nje!"

Mkeka nje! Mimi, mwanamme mwenye jina langu, nipokee watu kwenye mkeka kando ya njia? Nilikwisha kujiona nimeegesha Qurayyat, mashemeji wamejaa chumba cha mbele, halua katikati, kahawa inazunguka. Mshika stoo, mzee mmoja wa Kihindi, akanionya kwamba lile kubwa ni zito mno kwa gari langu. Nikamcheka. Nani aliyevuta matrela jangwani, yeye au mimi? Lakini ya kampuni nilikuwa nikiyavuta kwa lori, na hilo sikutaka kulikumbuka. Nikachukua la vyumba viwili, na kila aliyekwenda Qurayyat nikamtuma salamu: waambieni nakuja na nyumba yangu!

Sasa sikilizeni ubaya wangu.

Siku moja sokoni mtu kutoka Qurayyat akanishika mkono. Akaniambia Asya ni mgonjwa sana, anamtaka mdogo wake, tusikawie. Mito ya chumba cha wageni ilikuwa bado kwa fundi cherahani. Nikarudi nyumbani, nikamwambia mke wangu: "Asya akusalimu. Ana homa kidogo."

Homa kidogo! Ulimi huu huu ndio uliosema hayo. Nikasubiri siku nne, kwa ajili ya mito.

Tukaondoka. Kwenye wadi, yaani bonde la mto mkavu, katikati ya changarawe, trela likazama. Gari likaunguruma, magurudumu yakazunguka pale pale. Zuwena akateremka, akasimama juani na buibui lake.

"Lifungue, bwana, tuliache. Moyo wangu hautulii."

Palikuwa na pini moja tu ya kuchomoa, wasomaji. Pini moja! Tungefika Qurayyat kabla ya magharibi. Lakini ningefikaje mtupu, baada ya majigambo yote yale? Nilijua niliyoambiwa sokoni, lakini nikamwambia, "Kesho litatoka."

Kesho yake nikachimba, nikatia mawe na makuti, nikavuta... mpaka klachi ikaungua. Sasa hata gari tupu halikwenda. Siku ya tatu wachukuzi wa tende wakatuhurumia, wakatupandisha punda.

Tulipofika, wanaume walikuwa wamekaa nje ya nyumba. Asya alizikwa jana yake baada ya alasiri.

Shemeji, mumewe Asya, akatupa mkono wa tanzia, akasema huku akilia, "Kila likisikilikana gari akiuliza, 'Zuwena huyo?' Na sisi tangu wiki iliyopita tumeshamtuma mtu kwenu, kukuambieni hali yake."

Zuwena akanigeukia. Akanitazama, kisha akaingia ndani kwa wanawake wenziwe, nikabaki nimesimama nimeshika mfuko wa halua.

Shemeji, kwa wema wake, akatafuta lori likaenda kulikokota trela. Nyumba yake ilikuwa ndogo na watu wa matanga wengi. Basi wanaume wakaingizwa katika chumba changu cha mbele, wakakaa juu ya mito yangu mipya. Kahawa ikazunguka kama nilivyokuwa nikiota. Zuwena akaniita pembeni.

"Haya, bwana," akasema taratibu. "Wageni wako hao."

Trela lile sikulirudisha Matrah, na safari nyengine hatukufanya. Kila nikimwambia twende mahala, hunijibu, "Kwa nani?"

Wenzangu mnaokaribia kustaafu, nawasihi kwa Mungu! Mkipewa salamu ya mgonjwa, fikisheni saa ile ile, kama mlivyopewa. Na mkeo akikwambia hili dogo latutosha, mwache achague yeye. Mimi niliwafikiria wageni... na wa kwanza kuingia walikuwa watu wa matanga.