Fomu ya Saa Thelathini

Kila siku ikifika saa kumi jioni, Kirsty Lennox alitundika koti lake lililolowa mvua ya mji wao wa Greenock, Uskoti, akabandika birika la chai, kisha akafungua kompyuta kutazama kama kuna daktari wa meno aliyemjibu. Mwezi mzima wa Juni alifanya hivyo. Alikuwa ameziandikia kliniki thelathini na moja. Tisa zilimjibu kwamba hazipokei wanafunzi. Zilizobaki zilinyamaza.

Kirsty alikuwa na miaka kumi na saba, na alitaka kusomea udaktari wa meno. Vyuo havikutaka alama nzuri peke yake. Vilitaka kujua kama umewahi kukaa kando ya daktari na kumwona akifanya kazi. Mwalimu Tait, aliyesimamia maombi ya vyuo shuleni, alikuwa amempa fomu ya saa thelathini za kutazama matibabu. Ilipaswa kutiwa sahihi na daktari na kurudishwa shule zikifunguliwa mwezi wa Agosti. Bila fomu hiyo, Mwalimu Tait asingemwandikia barua ya kumpendekeza.

"Bado tu?" Fergus Baird alimuuliza siku ya kufunga shule, huku akitafuna mkate wa soseji. Fergus, mwanafunzi mwenzake, naye alitaka kuomba vyuo hivyohivyo. "Mimi nilimpigia simu mjomba wangu, yule daktari wa meno, dakika mbili tu. Nimekaa kwake siku tatu, kaniandikia saa hamsini."

"Siku tatu za kazi zina saa hamsini?"

"Kwa mjomba zinazo!" Fergus akacheka. "Shida yako huna mjomba, dada."

Kirsty alihisi damu ikimchemka. Mama yake alikuwa dereva wa basi. Katika ukoo wao wote, hakuna aliyewahi kukanyaga kliniki ya meno isipokuwa kwenda kung'olewa jino. Jioni ile hakufungua kompyuta. Alichapua miguu hadi kwenye kliniki ya Daktari Moira Galbraith, mojawapo ya zile zilizonyamaza.

Pale mapokezi alikaa Bi Rennie, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Kirsty alimtajia jina lake.

"Kirsty Lennox? Barua yako tuliipata," alisema. "Ilianza na 'Mpendwa Daktari Munro'. Hapa hakuna Munro. Munro yuko Gourock, mji wa jirani."

Masikio ya Kirsty yaliwaka moto. Alikuwa ameandika barua moja, akainakili mara thelathini na moja, akasahau kubadilisha jina.

"Kwa hiyo kliniki zote..."

"Zote, mwanangu. Sisi watu wa mapokezi tunapigiana simu. Tumecheka wiki nzima."

Kirsty alitaka kugeuka aondoke. Alijikaza. "Nimekosea. Naomba kumwona Daktari Galbraith, kwa jina lake."

Bi Rennie alimtazama, akainuka, akaingia ndani. Baada ya muda mwanamke mfupi mwenye mvi alichungulia mlangoni.

"Ukizimia kwa kuona damu, angukia ukutani, usimwangukie mgonjwa," alisema Daktari Galbraith. "Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi."

Kirsty alifika kila siku kwa siku tano, saa sita kila siku. Kliniki ile ilikuwa na kanuni moja isiyovunjwa. Mgonjwa alipoingia, Daktari alimuuliza kwanza: "Nina mwanafunzi hapa. Unaruhusu akae?" Akikubali, Kirsty alibaki kwenye kigoda pembeni. Akikataa, Kirsty alitoka bila neno, na Bi Rennie aliandika kwenye kompyuta kwamba mwanafunzi hakuwepo.

Jumatatu karibu wote walikubali. Kirsty aliona jino likizibwa, akaona jinsi Daktari alivyolitikisa shavu la mgonjwa wakati wa kudunga sindano ya ganzi ili maumivu yapungue. Alisahau hata njaa. Lakini Jumatano mzee mmoja alimwona tu akafoka, "Mdomo wangu si sinema! Atoke!" Waliomfuata nao walikataa. Kirsty alishinda kwenye ukumbi wa kusubiria, akihesabu vigae vya sakafu na kununa.

Ijumaa mchana alijaza fomu. Mahali pa jumla aliandika 30, akampelekea Daktari. Daktari alishika kalamu, akaangalia namba ile, akaiweka kalamu chini. Alimwomba Bi Rennie achape orodha ya wagonjwa wa wiki nzima, akaijumlisha mstari kwa mstari.

"Kumi na tisa na nusu," alisema.

"Nilikuwa hapa saa thelathini!"

"Ulikuwa kwenye jengo. Fomu inasema kutazama matibabu. Kule ukumbini ulitazama nini, rangi ya ukuta?"

"Si kosa langu kama watu wamenikataa!"

"Si kosa lako. Kosa lako ni hili hapa." Daktari aliigonga ile namba kwa kidole.

"Fergus Baird amekaa siku tatu akaandikiwa hamsini!" Kirsty alipiga kelele. "Hamsini! Na mjomba wake ni daktari kama wewe!"

Uso wa Daktari Galbraith ulibadilika rangi. "Usinifananishe na huyo. Chukua fomu yako. Sitii sahihi."

Kirsty aliikwapua, akabamiza mlango hadi miwani ya Bi Rennie ikaruka kifuani.

Nyumbani alimkuta mama yake, Maureen, bado amevaa sare ya kazi. Alimsimulia yote huku akilia kwa hasira.

"Amekunyima sahihi?" Maureen aling'aka. "Baada ya kukuacha ukumbini kama mwavuli? Ngoja nivae viatu. Leo atanijua mimi ni nani!"

Alivaa, akashika kitasa cha mlango, akasita. "Hebu niambie. Ulitazama matibabu kwa saa ngapi?"

Kirsty alikodolea macho birika.

"Kirsty, nakuuliza wewe."

"Kumi na tisa na nusu."

"Ukaandika?"

"Thelathini."

Maureen alivua kiatu kimoja akakitupa ukutani. Akavua cha pili akakitupa pia. "Sasa mimi nikamgombeze nani? Nilitaka kwenda kuumbuka mbele za watu kwa ajili ya uongo wako!"

"Lakini mama, si haki! Wenye wajomba wanapita tu!"

"Nani kakwambia ni haki? Mimi nina hasira kukushinda! Kila siku naendesha basi nikiwapeleka hao wenye wajomba. Lakini ukidanganya kama wao, kesho utalalamika kwa mdomo gani?"

Jumamosi nzima alinuna. Jumapili alichukua nakala ya pili ya fomu, na daftari alilonukuu kila siku kliniki, akaandika upya, siku kwa siku, saa alizokaa kwenye kigoda na saa alizokaa ukumbini. Jumla yake ilimuuma.

Jumatatu asubuhi aliiweka mbele ya Daktari. "Niliandika uongo," alisema. "Na mlango, samahani."

Daktari aliisoma hadi mwisho. Hasira ilikuwa bado usoni mwake.

"Kaa. Unadhani nilikasirika kwa sababu ya zile saa kumi na nusu ulizoongeza? Miaka sita iliyopita nilipokea mgonjwa, simtaji jina. Faili lake kutoka kliniki nyingine lilisema mara nne kwamba chini ya ulimi pamekaguliwa, hakuna tatizo. Aliyeandika hakukagua. Alikuwa na haraka, na nafasi ya kujaza ilikuwepo, akajaza. Nilipouinua ulimi ule, nilikuta saratani imekwisha kukomaa. Alikatwa nusu ya ulimi. Leo hawezi kutamka vizuri jina la mkewe. Mgonjwa haoni ndani ya kinywa chake, Kirsty. Anaamini tulichoandika. Anayeongeza saa leo, kesho ataandika amekagua ulimi ambao hajaugusa."

Kirsty aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, "Na Fergus?"

"Mjomba wake namfahamu. Mchana huu nitampigia simu, na haitakuwa simu ya salamu. Una haki ya kukasirika. Kasirikia uongo, basi, hata ukiwa wako mwenyewe." Daktari alichukua kalamu, akatia sahihi kando ya saa kumi na tisa na nusu. "Zimebaki kumi na nusu. Nawa mikono. Mgonjwa akikataa utatoka nje, na utaandika nini?"

"Sifuri."

Siku hiyo wagonjwa wawili walikataa, na Kirsty aliandika sifuri mara mbili. Saa ya thelathini ilitimia Jumatano asubuhi, katikati ya kuziba jino la mpishi mmoja mnene aliyekoroma kwenye kiti. Kirsty alijaza jumla, akamsogezea Daktari fomu. Bi Rennie alikuwa tayari ameishika ile orodha ya wagonjwa, lakini Daktari hakuiomba. Alitia sahihi, akavaa glavu mpya, akaita mgonjwa mwingine.