Kigubiko cha Ukimya

Kigubiko kilishuka taratibu kutoka darini, kikamfunika mwanamke na mtoto aliyekuwa akilia kwa nguvu zake zote, na kilio kikakatika. Hakikufifia. Kilikatika kama uzi uliopitiwa na wembe. Upande wa nje wa kigubiko ukageuka picha ya mawingu meupe yanayoelea juu ya bahari tulivu, na abiria wa safu za karibu, waliokuwa wamekunja nyuso, wakageukiana na kutabasamu.

"Ala!" alisema mzee mmoja mnene aliyekaa ng'ambo ya ujia. Alikuwa amevaa kofia ya viua na miwani ya duara, na mapema alikuwa amejitambulisha kuwa ni Shamte, mfanyabiashara wa karafuu. "Mimi na ndege ni kama mtu na kitanda chake, lakini hiki sijapata kukiona."

"Vimeanza kufungwa mwaka huu, mzee wangu," alijibu Lwitiko Mwaisaka. Alikuwa amemwahidi mkewe, huyo aliyefunikwa na mtoto wao, kwamba likizo hii hatazungumzia kazi hata kidogo. Alijizuia kwa muda mfupi, kisha akashindwa. "Nimekibuni mimi."

Mzee Shamte akageuza mwili mzima kumtazama. "Wewe?"

"Mimi na wenzangu. Lakini wazo ni langu."

Walikuwa juu ya bahari, katikati ya mchana, wakitoka Mbeya kwenda Morisi ndani ya ndegejua, zile ndege pana zinazoruka kwa nguvu ya jua na mabawa yasiyo na ngurumo. Enzi za injini za mafuta, mvumo uliwafichia wasafiri mambo mengi: mikoromo, ugomvi wa mtu na mkewe, watoto wachanga. Ndegejua zilipokuja na utulivu wake, abiria waligundua kwamba walikuwa hawajapata kusikiana, na kwamba hawakupenda walichokisikia. Malalamiko juu ya vilio vya watoto yakawa mengi kuliko malalamiko juu ya chakula. Hapo ndipo Lwitiko, mhandisi wa mawimbi ya sauti, alipoitwa.

"Sasa sauti inakwenda wapi?" aliuliza Mzee Shamte.

Lwitiko akalisogelea swali hilo kama mtu anayesogelea sahani aipendayo. "Haiendi popote. Inafutwa. Ndani ya kigubiko kuna masikio madogo sana, kila pembe. Mtoto akilia, masikio yanaipokea sauti, na papo hapo kigubiko kinatunga sauti ya pili iliyo kinyume chake. Tunaiita wimbi-kinzani. Pale ya kwanza inapopanda, ya pili inashuka. Zikikutana ukingoni, zinafutana."

"Kwa hiyo chombo kinasikia."

"Kinasikia kuliko wewe na mimi. Huwezi kufuta usichokisikia."

"Na mama je? Akiimba, akizungumza?"

"Chochote kile. Hata mke wangu akinisema humo ndani, mzee wangu, mimi huku nakunywa chai yangu."

Wakacheka wote wawili, Mzee Shamte akijipigapiga goti. Mwanamke wa safu ya mbele naye akageuka na kucheka kidogo.

Taa za mikanda zikawaka. Rubani-bandia, kwa ile sauti yake isiyo na haraka, akawaarifu abiria kwamba mbele hewa ilikuwa imechafuka na kwamba mikanda ingejikaza yenyewe. Kitone chekundu kikatokea ukingoni mwa kigubiko.

"Sasa kimejifunga," Lwitiko alieleza. "Ndege ikitikisika hakifunguki, si kwa ndani wala kwa nje. Mizigo ikianguka kutoka juu, aliye salama kuliko sisi sote ni yule aliye humo."

Ndege ikazama ghafla, ikarushwa juu, ikazama tena. Kikombe cha mtu kikabingirika ujiani. Mzee Shamte akafumba macho na kuanza kusoma dua. Lwitiko akahisi kitu kikigonga kwenye egemeo la mkono wake, kutoka upande wa mkewe. Kikagonga tena, kwa kasi zaidi. Mtikisiko huo, alijiambia. Akauweka mkono juu ya kigubiko, juu ya mawingu meupe, akakipapasa kama mfugaji anavyompapasa ng'ombe anayekamuliwa. Alijivunia. Kitu hicho kilikuwa kikimlinda mkewe na binti yake, na alikuwa amekitengeneza kwa akili yake mwenyewe.

Hewa ikatulia. Mikanda ikalegea, kitone chekundu kikazimika, na kigubiko kikapanda kwenda darini kama kilivyoshuka.

Lwitiko akageuka na kutabasamu. "Ameshiba?"

Tusekile, mkewe, alikuwa amekaa upande, kilemba kimemwanguka shingoni, blauzi wazi na imelowa maziwa. Mtoto wao, Atupele, alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkono wake wa kushoto, kichwa kikielekea chini, na kiganja cha kulia cha mama yake kilikuwa bado kimetua mgongoni mwake, katikati ya mabega. Vifundo vya vidole vya mkono huo vilikuwa vimechubuka na kuvimba. Mtoto alikuwa akivuta pumzi fupifupi zenye mkwaruzo.

"Tuseki? Kuna nini?"

"Alipaliwa."

"Saa ngapi?"

Tusekile akainua macho. "Ndege iliporushwa. Alikuwa ananyonya, maziwa yanatoka kwa nguvu, yakamwingia puani na kooni. Akawa hatoi sauti. Midomo ikawa ya zambarau, Lwitiko. Zambarau hasa. Nikabonyeza kufungua, hakikufunguka. Nikagonga. Nikakuita."

Kwa kawaida alimwita Baba Atu. Tangu mtoto azaliwe alikuwa hajamtaja kwa jina lake tupu.

"Sikusikia," alisema Lwitiko, na neno hilo lilipomtoka tu akajua uzito wake. Uso ukamwaka moto kuanzia shingoni. "Nilihisi kitu kikigonga, nikadhani ni hewa."

"Nilikuita mpaka nikaona napoteza muda. Ndipo nikamkumbuka nesi wa kliniki, yule aliyetufundisha na mwanasesere. Siku ile hukuja, ulikuwa kwenye majaribio. Nikamlaza hivi, nikampiga mgongoni. Nikampiga mtoto wangu kwa nguvu ambazo sikujua kama ninazo."

Mhudumu wa ndege, msichana aitwaye Salha, alikuwa ameshafika. Akapiga magoti, akamvika mtoto kitambaa cha vipimo kifuani, akatazama namba zikipanda na kutulia.

"Hewa inaingia vizuri. Kifua ni safi," alisema. "Mshukuru Mungu, mama. Nani aliyemtoa maziwa?"

"Mimi."

"Na nani alikuwa anakusaidia?"

Tusekile akamfuta mtoto mdomo kwa pindo la kilemba. Salha akamtazama Lwitiko, kisha akayaondoa macho upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kimakosa. Ng'ambo ya ujia, Mzee Shamte alikuwa amevua miwani yake na kuifuta kwa pindo la kanzu, akaifuta tena na tena ingawa haikuwa na vumbi.

Lwitiko akajiegemeza kitini. Hakujua mikono aiweke wapi. Alikijua chombo kile kama anavyoijua sauti yake mwenyewe, kwa hiyo alijua kilichotokea humo ndani kwa usahihi ambao hakuna mwingine katika ndege ile angeweza kuufikia. Masikio yale madogo yalikuwa yamemsikia Tusekile. Yalikuwa yamelisikia jina lake kila lilipotajwa, yakaupima mkwaruzo wa hofu iliyokuwa ndani yake, na kwa kila "Lwitiko!" yakatunga "Lwitiko!" nyingine ya kinyume na kuifuta ya kwanza ukingoni kabisa, umbali wa kiganja kutoka bega lake. Chombo hakikuharibika. Kilifanya kazi bila dosari. Aliyeshindwa kusikia alikuwa yeye, na wakati mkewe anapigania pumzi ya mtoto, yeye alikuwa anakipapasa kigubiko na kujivunia, muda mfupi tu baada ya kuchekea raha ya kutomsikia mkewe.

Muda si muda Atupele akaanza kulia. Kilio kilikuwa cha sauti iliyokauka, kisha kikapata nguvu, kikajaza ndege nzima. Alikuwa na njaa. Kile kidogo alichonyonya kilikuwa kimeishia kwenye blauzi ya mama yake. Kwa mazoea, Salha akapeleka mkono kwenye kitufe cha kigubiko.

Tusekile akamshika kifundo cha mkono. "Usiguse."

Akajiweka sawa, akatoa titi, akalileta kinywani mwa mtoto. Atupele aligeuza uso. Maziwa yalikuwa yamemtisha. Akajinyoosha, akapiga mateke, akalia mpaka ulimi ukatetemeka. Tusekile akangoja, akajaribu tena, akikamua matone machache kwanza ili yasimjie kwa kishindo.

Watu wakaanza kugeuka. Bibi zao walinyonyesha kanisani, sokoni, kwenye mabenchi ya hospitali, na hakuna aliyegeuza shingo. Lakini wao walikuwa wameshazoea mawingu meupe juu ya bahari, na sasa walimtazama Tusekile kana kwamba amevua nguo mbele yao. Mwanamke wa safu ya mbele, yule aliyecheka, aliinuka kidogo. "Samahani, dada. Si mngekifunga tu? Sote hapa tumelipia utulivu."

Baada ya yote yaliyotokea, Lwitiko alijisikia akiinama kuelekea sikio la mkewe. Alijisikia akinong'ona, "Mama Atu, watu wanatazama."

Tusekile alimkazia macho kwa muda. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililomuumiza Lwitiko zaidi. Alimtazama kama mtu anayehakikisha sura ya mgeni.

"Waache watazame," alisema. "Wakitazama, wataona."

Atupele akalishika titi. Akaliachia, akalia, akalishika tena, na safari hii akatulia. Sauti ya kumeza kwake, ndogo na yenye pupa, ilisikika mpaka ng'ambo ya ujia. Mzee Shamte akamwambia mwanamke wa mbele, bila kupandisha sauti, "Kaa, binti yangu. Mtoto anakula."

Lwitiko akasimama. Aliutazama ujia kutoka mwanzo hadi mwisho, na katika ndege ile ndefu akaona vigubiko vingine vitatu vimeteremshwa. Mawingu yaleyale, bahari ileile. Picha aliyoichagua mwenyewe. Alijaribu kusikia chochote kutoka huko. Hakusikia kitu, na kwa mara ya kwanza ukimya ule ulimtia hofu.

"Kaka," alisema Salha alipomwona akivielekea, "haturuhusiwi kuwafungulia wateja."

"Najua. Ningebisha hodi, lakini sikuweka kengele ya nje. Sikufikiri kwamba kuna mtu angetaka kuita kutoka nje."

Akaenda kwenye cha kwanza, akakibandika kidole gumba ukingoni. Kigubiko kilikitambua kidole cha aliyekiunda, kikapanda. Ndani, baba mmoja kijana alizinduka usingizini, mwanawe kifuani. "Nini tena? Ndiyo kwanza amelala!"

"Nisamehe. Nilitaka kujua kama mko salama."

"Tuko salama, bwana! Kwani wewe nani?"

Lwitiko akakishusha kigubiko, akaenda kwenye cha pili. Humo alikuwemo bibi mmoja anayembadilisha mjukuu nepi, na harufu ikatoka kabla ya maneno. Abiria wakaguna, wakaziba pua. "We baba, hukufundwa?" bibi akafoka. "Unafungulia watu hivi hivi?" Lwitiko akaomba radhi, huku akizisikia kejeli nyuma yake na macho ya ndege nzima mgongoni. Akili ilimwambia arudi kitini, kwamba amekwisha kuaibika vya kutosha kwa siku moja. Akaendelea kutembea.

Cha tatu kilikuwa mkiani kabisa mwa ndege. Kilipopanda, aliona msichana mwembamba, peke yake, mtoto mchanga amelala kwenye mapaja yake ameshiba, na yeye mwenyewe analia. Alikuwa akilia kinywa wazi, kichwa ameegemeza nyuma, kwa sauti yote aliyojaliwa, kilio cha mtu mwenye hakika kwamba hakuna anayemsikia. Sauti ikamwagika ujiani. Vichwa vikageuka.

Msichana akafumbua macho, akaona watu, akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Samahani," alisema kupitia vidole. "Nilidhani kimefungwa. Samahani kwa kelele."

Kidole gumba cha Lwitiko kilikuwa bado ukingoni. Angebonyeza tu, mawingu yangerudi na binti yule angesitirika. Akakiondoa kidole. Akaketi chini pale ujiani, sakafuni, akamuuliza mtoto anaitwa nani.

Msichana akamtajia, kwa sauti ndogo sana, hata ikamlazimu Lwitiko asogee karibu ili amsikie.