Ndiyo ya Adabu

Watu wa milima hii ukiwauliza habari hujibu nzuri, hata kama nyumba inavuja. Mama mmoja aitwaye Tatu naye alikuwa hivyo hivyo. Mwanzoni mwa masika maporomoko ya udongo yalifukia shamba lake la maharage, na bado kila aliyemsalimia njiani alijibiwa nzuri.

Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zilipoanza kupanda milimani. Shirika la misaada liliahidi unga na mbegu, likachukua namba za simu za walioathirika. Siku moja simu ya mumewe, Idrisa, ikalia. Ujumbe uliuliza: "Umepokea unga na mbegu? Jibu NDIYO au HAPANA."

Hawakuwa wamepokea hata punje. Lakini Idrisa alisema si vizuri kumjibu hapana mtu anayehangaika kukusaidia. Tatu akaona ni kweli. Wakaandika NDIYO, wakasubiri.

Walisubiri mpaka wakachoka. Asubuhi viazi, jioni viazi. Tatu alishuka kwa miguu hadi mji mdogo wa Lukozi kuulizia, akaambiwa asubiri, akarudi mikono mitupu, akaenda tena. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho. Mbegu zikizidi kuchelewa, mwaka huo wasingevuna kitu.

Jirani yao Klara, wa kamati ya maafa ya kijiji, alimkuta amekaa kando ya njia, miguu imemvimba.

"Shikamoo, mama Rajabu. Habari za nyumbani?"

"Marahaba. Nzuri tu," alisema Tatu. "Ila hatuna chakula."

Klara alishangaa, maana ofisini kwa shirika ilijulikana wameshapata. Akaomba simu ya Idrisa aliyokuwa nayo Tatu, akasoma ujumbe na jibu lao, akaguna. Akamweleza kuwa lori la msaada lina kifaa kinachoonyesha lilipo, na ofisi huliona kwenye kompyuta. Lilifika Lukozi, likakuta barabara ya kwao imekatika, likashusha mizigo stoo. Ndipo ofisi ikauliza kwa simu nani bado hajapata, apelekewe kwa pikipiki.

"Salamu zetu zina nafasi ya kuongeza 'ila' baada ya 'nzuri', mama Rajabu," alisema Klara. "Simu haina. Ukisema ndiyo, mambo yameishia hapo."

"Hawatachukia?"

"Wachukie nini? Wanauliza ili wajue. Hapana yako ndiyo inayoleta mzigo."

Tatu akabonyeza herufi moja moja: HAPANA. Aliona aibu kama aliyemnyima mgeni kiti.

Haukupita muda mrefu, pikipiki ikaleta unga. Mbegu hazikuwamo. Ujumbe ulipouliza tena, Idrisa alianza kusema kuwa unga si haba, washukuru. Tatu akaichukua simu mkononi mwake, akaandika HAPANA. Ofisi ikapiga kuuliza nini kimepungua, na mbegu zikaja mvua zikiwa bado zipo. Hapo ndipo Tatu alipoandika NDIYO, na safari hii ilikuwa kweli.

Maharage yalipochipua, Klara alipita shambani akamkuta anapalilia peke yake.

"Habari za kazi, mama Rajabu?"

Tatu alinyoosha mgongo, akafikiri kidogo.

"Mbaya," alisema. "Nimechoka sana."

Klara akavua viatu, akampokea jembe.