Ushindi wa Macho Yaliyofumbwa

Watu walimpigia makofi mtu aliyekuwa anakufa.

Hawakujua. Paskali Shechambo aliteleza kutoka kwenye kiti katikati ya fainali ya mashindano ya gemu za video, akaanguka chali jukwaani, na ukumbi mzima ukalipuka kwa shangwe. Walidhani ni mbwembwe zake nyingine. Kwenye skrini kubwa ukutani mpiganaji wake alisimama tu, mikono chini, akipokea ngumi bila kujibu.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele ndiye aliyeona povu mdomoni. Akapiga yowe.

Inspekta Mwanaisha Singano wa upelelezi, Lushoto, alipofika, daktari alikuwa ameshainuka kutoka magotini.

"Amefariki, afande," alisema Daktari Glory. "Hebu tazama macho."

Mwanaisha aliinama. Mboni zilikuwa zimebana, ndogo kama ncha ya sindano. Shati la kijana lilikuwa limelowa jasho, ilhali ulikuwa mwezi wa Juni, ukungu umeshuka mpaka barabarani, kila mtu mle ukumbini kavaa koti.

"Sumu?"

"Ya kuua wadudu. Majibu ya maabara yatathibitisha, lakini dalili nazijua. Msimu wa kupuliza kabichi na nyanya nawapokea kila wiki. Wanatetemeka, mate yanawatoka, macho hayaoni vizuri. Wengi huwa tunawawahi. Huyu aliipata nyingi."

"Aliinywa hapa jukwaani?"

"Sidhani. Mwili umepambana nayo kwa muda kabla ya kushindwa. Muda gani, siwezi kukuapia."

Nje kulikuwa na vurugu. Vijana walikuwa wamemkamata Clemence Mhina, mchezaji wa Mombo aliyekuwa akicheza na Paskali hiyo fainali. Mtu alikuwa amepaza sauti kwamba Clemence ndiye aliyempa marehemu soda, na hiyo ikatosha. Koplo Mussa alimwokoa kwa kumsukumia ndani ya gari la polisi, shati limechanika, sikio linavuja damu.

Mwanaisha alimhoji humo humo garini.

"Kazi yako?"

"Fundi simu. Pale Mombo stendi."

"Ulimpa Paskali soda?"

"Nilimpa."

"Saa ngapi?"

"Baada ya nusu fainali. Afande, uliliona lile pambano lake la nusu fainali?"

"Sikuwepo."

"Basi hujaona gemu. Mimi nilipoliona nikajua leo sina changu. Nikamnunulia soda. Heshima tu."

"Aliinywa?"

"Funda moja. Akasema tumbo linamsokota, akanirudishia."

"Mwaka jana alikufunga fainali. Juzi ukatuma sauti kwenye kundi lenu la WhatsApp. Wenzako wamenisikilizisha. Ulisema utamzika Lushoto."

"Maneno ya gemu hayo, afande! Sisi kila siku tunaambiana nitakuua, nitakuzi…" Clemence alijisikia mwenyewe, akajiziba mdomo.

"Alipolegea pale mwishoni, wewe ulifanya nini?"

Kijana alifunika uso kwa viganja.

"Niliendelea kumpiga. Nilidhani ananitega. Paskali alikuwa na mitego sana. Yeye yuko chini anakufa, mimi nabonyeza tu, nabonyeza tu."

Mwanaisha alishuka garini. Mussa alimfuata.

"Huyu huyu, afande. Sababu anayo, nafasi alikuwa nayo, na soda amekubali mwenyewe."

"Labda. Lakini hilo pambano analolisema nataka kuliona. Nani analo?"

Kila mtu alikuwa nalo. Lilikuwa limeshafika Tanga mjini na Dar, linasambaa kwenye simu kabla hata mchezaji mwenyewe hajafa. Picha iliyo safi kuliko zote alikuwa nayo Salimu, mwandaaji wa mashindano, mwenye kibanda cha gemu karibu na soko. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za ukumbi, kofia mkononi. Alimwamkia Mwanaisha shikamoo kwa sauti iliyokauka, akamwonyesha simu.

"Ile mistari ya kijani juu ya skrini ni uhai," alieleza. "Huu wa Paskali, ona. Umebaki uzi. Akiguswa mara moja tu, kwisha. Sasa mpinzani wake, yule wa Korogwe, anaachia pigo lake kubwa. Mateke kumi na kitu mfululizo, hayana nafasi katikati. Hakuna anayetoka hapo. Tazama."

Mwanaisha alitazama. Mpiganaji wa Paskali hakukimbia. Alizuia teke la kwanza, la pili, la tatu. Kila teke lilipokuja, mkono ulikuwa umeshatangulia. La mwisho alilizuia hewani, akashuka na teke lake moja, na mpinzani akalala. Ukumbi ulipiga kelele mpaka simu ikatetemeka mkononi mwa aliyekuwa akirekodi.

"Na macho kafumba," alisema Salimu. "Amefumba, afande! Kwangu amejifunza gemu toka mdogo. Runinga yangu ya kwanza ilikuwa mbovu, inakata picha, sauti inabaki. Wenzake wakitupa pedi za kuchezea, wananitukana. Yeye anaendelea. Kila pigo kwenye gemu lina sauti yake, na Paskali alizijua zote kama unavyojua sauti ya mama yako. Lakini mbele za watu hajawahi kucheza hivyo. Leo ndiyo kaamua kutuonyesha."

"Rudisha nyuma. Usinionyeshe gemu. Nionyeshe yeye."

Salimu alirudisha, akakuza picha. Safari hii Mwanaisha hakuiangalia skrini ya ukutani. Alimwangalia kijana aliyekaa mbele yake, begi mgongoni.

Paskali alipangusa macho kwa mkono wa sweta. Akasogeza kiti karibu na skrini. Akapangusa tena. Mdomo aliufuta begani, kwa haraka, kama mtu anayeona aibu. Goti lake lilikuwa likicheza. Akakodoa macho, akatikisa kichwa, kisha akayafumba na kuinamisha sikio upande wa spika.

"Salimu," alisema Mwanaisha polepole, "huyu alikuwa haringi. Alikuwa haoni."

Salimu alichukua simu, akatazama mwenyewe. Akatazama tena. Halafu akaiweka chini kwenye ngazi, kioo kikielekea chini.

"Tulimshangilia," alisema.

"Soda ya Clemence ilikuja kabla ya hapa au baada?"

"Baada. Clemence mwenyewe alikuwa nyuma yangu, anapiga mbinja."

"Basi Clemence simhitaji. Na hili begi? Huwa anacheza nalo mgongoni?"

"Siku zote. Dada yake kamkataza kula cha mtu kwenye mashindano, wasije wakamfanyizia. Anabeba chai yake kutoka kwao Rangwi. Hata maji yangu hanywi."

Begi lilikuwa bado jukwaani, limefunikwa na koti la mtu. Mwanaisha alivaa glovu, akatoa chupa ya chai ya bluu, akafungua kifuniko. Tangawizi ilimpanda puani, kali kupita kawaida. Alisubiri. Chini ya tangawizi kulikuwa na harufu nyingine, harufu ya shamba lililopulizwa dawa. Alikuwa amekulia kwenye kabichi za Lukozi. Hakuhitaji kuambiwa.

"Kielelezo," alimwambia Mussa. "Kifungwe, kiende kwa Mkemia leo hii. Na mwachie yule wa Mombo. Mpeleke kwanza akashonwe sikio."

* * *

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, walikwenda Rangwi. Barabara ilikuwa na utelezi. Mussa aliendesha taratibu.

Uwanja wa nyumba ya Shechambo ulikuwa umejaa. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa wakiota moto. Wanawake wamejifunga khanga juu ya makoti, wanaimba nyimbo za marehemu kwa sauti ya chini. Mwanaisha aliwapa pole, akawaamkia wazee kwa Kishambaa, "Onga makeo." Wakaitikia.

"Dada wa marehemu yuko wapi?"

"Ndani, anamgeuza baba yake kitandani," alijibu mama mmoja. "Tangu jana hajalia. Tunamwambia lia, mwanetu, yeye anachota maji tu."

Jenoveva Shechambo alitoka akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mabega mapana kama ya mtu anayebeba vizito. Walikaa kwenye chumba cha mbele. Ukuta wa mbao tu ndio uliowatenga na chumba cha mgonjwa.

"Pole kwa msiba."

"Tumeshapoa, afande."

"Chai aliyobeba Paskali jana, nani aliipika?"

"Mimi."

"Kuna mwingine aliyeigusa chupa?"

"Hapana. Niliifunga mwenyewe, nikaitia kwenye begi."

"Wewe ulikunywa chai hiyo?"

"Sikuwa na hamu."

"Na mzee?"

"Baba anakunywa uji."

"Uliweka tangawizi nyingi sana."

"Alipenda hivyo."

"Dawa ya kupuliza viazi mnaiweka wapi?"

Nje wimbo uliisha, mwingine ukaanza.

"Jenoveva, ile chupa nimeinusa mimi mwenyewe. Sasa nisikilize vizuri. Una haki ya kunyamaza. Lolote utakalosema linaweza kutumika mahakamani kama ushahidi. Umenielewa?"

"Nimeelewa." Alizitazama kucha zake. "Niambie kwanza kitu kimoja. Alishindwa?"

"Alishinda nusu fainali. Macho yalikuwa hayaoni tena, akasikiliza kwa masikio, akashinda. Fainali hakuimaliza."

Hapo ndipo uso wa mwanamke ulipovunjika. Hakupiga kelele. Alijikunja mpaka paji la uso likagusa magoti, na maneno yakatokea huko huko chini.

"Nilidhani itakuwa mikono tu."

"Mikono vipi?"

"Mwaka jana nilipuliza viazi bila kujifunga kitambaa. Jioni mikono ikanitetemeka, hata kijiko sikuweza kushika. Kesho yake nikaamka mzima. Nikasema, na yeye ikimpata hivyo, siku moja tu, hataweza kubonyeza. Atashindwa. Atarudi nyumbani. Sikutaka afe, afande. Mungu ananiona. Nilitaka ashindwe."

"Kwa nini ashindwe?"

Jenoveva aliinua kichwa, akaonyesha ukuta wa mbao kwa kidevu.

"Baba alipata kiharusi mimi nikiwa msichana bado. Mama alishafariki. Tangu siku hiyo namlisha mimi, namwosha mimi, namgeuza mimi, usiku na mchana, asije akatoka vidonda. Shamba langu, kuni zangu, maji yangu. Paskali alikuwa mdogo, sikumlaumu. Nilimwambia nenda ukacheze. Nauli ya kwenda kwa Salimu nilikuwa nampa mimi."

"Halafu?"

"Halafu akakua, akaendelea kucheza. Kuna mtu, anaitwa Kristian, wa Mlalo. Ameleta posa mara mbili. Mara mbili nimemwambia subiri. Baada ya Krismasi wazee wa ukoo walikaa, hawa hawa walioko nje. Paskali akaapa mbele yao: haya mashindano ya Juni ndiyo ya mwisho, nikitoka huko nabaki na baba, dada aolewe. Nikamwambia Kristian aje baada ya mavuno."

Alipangusa pua kwa pindo la khanga.

"Wiki iliyopita Paskali akaja jikoni anacheka. Akasema, dada, mwaka huu mshindi anachukuliwa Dar, anakwenda kukaa kambini na timu, anafundishwa, hata nje ya nchi atapelekwa. Nikamuuliza, na baba? Nikamuuliza, na mimi? Unajua alinijibu nini?"

"Alikujibu nini?"

"Alisema, 'Wewe dada umezoea.'"

Mussa aliacha kuandika.

"Hakusema kwa ubaya," aliendelea Jenoveva. "Angesema kwa ubaya ningemtukana, yakaisha. Alisema huku ananipiga piga begani, kama mtu anayemsifia ng'ombe. Umezoea. Nililala na hilo neno, nikaamka nalo, nikalima nalo. Jana alfajiri nikalipikia chai."

"Ulipima vipi?"

"Kwa macho."

"Alipoondoka alikwambia chochote?"

"Alisema asante."

Nyuma ya mbao kitu kiligonga. Mara moja, kisha tena. Mwanaisha aligeuka.

"Mzee anasikia?"

"Anasikia kila kitu. Ulimi ndio umekufa." Jenoveva alisimama, kisha akakumbuka kuwa yuko mikononi mwa polisi, akabaki amesimama. "Nitaambiwa nimeua, afande?"

"Kama ulikusudia au hukukusudia, mahakama ndiyo itakayosema. Lakini amekufa, Jenoveva."

"Najua. Naomba nimgeuze baba. Muda wake umefika."

Mwanaisha alimtazama Mussa. Mussa alizirudisha mfukoni pingu alizokuwa ameshazitoa.

Waliingia wanawake wawili, inspekta na mtuhumiwa. Mzee Timotheo Shechambo alikuwa amelala ubavu, shuka safi, hana kidonda hata kimoja, baada ya miaka yote hiyo. Machozi yalikuwa yakimtiririka kufuata mkunjo wa pua mpaka kwenye mto. Jenoveva aliingiza mikono chini ya mabega, akamwonyesha Mwanaisha ashike nyonga. Wakamgeuza pamoja. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Binti alimfuta baba yake uso, akamnyooshea blanketi. Mzee alifumba macho, na hakuyafumbua mpaka walipotoka.

Uwanjani nyimbo zilikatika watu walipomwona Jenoveva ametiwa pingu. Mama mmoja alishika mdomo. Wazee wa ukoo walisimama, wakatazama chini.

Mwanaisha alimfungulia Jenoveva mlango wa gari, akaufunga, kisha akawageukia.

"Mzee ameachwa peke yake," alisema. "Nani anaingia kwake sasa hivi?"

Walitazamana. Moto ulikuwa ukilia kwenye kuni mbichi. Mzee mmoja alikohoa, akasema jambo hilo ni zito, itabidi ukoo ukae kikao.

Inspekta alisimama pale pale, mkono kwenye mlango wa gari, akiwangoja wajibu.