Sanamu ya Pili Barazani

Wenzangu wa mtaa wa Fenner, nayasema haya hadharani kwa sababu nimechoka kuyasikia yakinong'onwa dukani na kanisani kana kwamba ni bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Ninyi mlio mbali nanyi msikilize, maana nyumba kama ile haikosekani kwenu.

Kila mwaka majani yakianza kuanguka, mtaa wetu huingia katika raha ambayo sijaiona kwingine hapa Ohio. Halowini inakaribia, siku ambayo watoto huvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, na sisi wa Fenner hatununui mapambo dukani. Ndiyo sheria yetu tangu zamani, kila kinachowekwa nje siku hiyo kitoke ndani ya nyumba yako. Shuka kuukuu ukilichovya kwenye maji ya wanga na kulianika juu ya chupa, linakauka likiwa limesimama, nawe umepata mzimu. Trei ya mayai ukiikata na kuipaka rangi nyeusi, unapata popo wa kutundika dirishani. Katoni linakuwa jiwe la kaburi. Hata maskini kabisa hakosi cha kutengeneza.

Mambo hayo nusu yake tulifundishwa na Bi Bernadine Nowicki. Yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba kopo tupu la maharage, ukitaka kulitoboa liwe taa, ulijaze maji kwanza ulitie kwenye friza, ili barafu ilizuie lisibonyee unapopigilia msumari. Miaka mingi alifundisha watoto wa kanisa letu, na hakuna mtu mzima wa mtaa huu ambaye hakuwahi kupakwa gundi na yeye. Sasa amezeeka, mikono inatetemeka, anaishi na binti yake Janelle katika ile nyumba ya kijani yenye baraza pana.

Jumamosi moja ya Oktoba nilipita kwao kupeleka tufaha, nikawakuta jikoni, mama na binti, wamezungukwa na vipande vya katoni. Redio inaimba taratibu. Bi Bernadine anakata popo, Janelle anapaka rangi. Nilitamani nikae nao mchana kutwa.

Halafu Janelle akaokota popo mmoja wa mama yake, akamgeuza huku na huku.

"Mama, huyu mbawa moja imekwenda Kanada."

Bi Bernadine akacheka. "Mwache, amejeruhiwa vitani."

"Sicheki, Mama. Waamuzi wanaangalia kila kitu. Mwaka jana Tammy alinipita kwa kidogo tu." Akamtupa yule popo kwenye ndoo ya taka, mbele ya mama yake, mbele yangu mimi mgeni. "Wewe kapumzike. Mikono yako itaniangusha."

Mama akauweka mkasi mezani, akafuta mikono kwenye aproni japokuwa haikuwa na uchafu, akainuka. Nilimtazama Janelle nikitaka aone haya. Hakuona.

Na mjue alikuwa anagombea nini! Kombe la mtaa wetu ni birika kuukuu lililopakwa rangi ya dhahabu. Lina tundu chini, halichemshi hata chai. Zimamoto wetu wa kujitolea hupita jioni ya Halowini kukagua nyumba, kisha hulikabidhi kituoni kwao, watu wakinywa juisi ya moto ya tufaha na kula donati. Ulikuwa mchezo tu. Tangu watu walipoanza kutuma picha za nyumba zao mtandaoni na kuhesabu sifa za wasiowajua, mchezo ukageuka vita, na Janelle akawa jemadari.

Mwaka huu alitaka sanamu ya bibi kizee. Akashona kichwa kwa foronya, nywele akatoa kwenye mopu, miguu akatumia soksi ndefu zilizojazwa magazeti. Kilichobaki ni nguo. Basi akaingia chumbani kwa mama yake akalichukua koti lake la buluu la kanisani, lile lenye vifungo vikubwa. Lilikuwa halifungiki vizuri juu ya tumbo alilolijaza majani makavu, akalichana mgongoni kwa mkasi kutoka ukosi hadi pindo.

Bi Bernadine aliliona koti lake barazani, limevaliwa na majani.

"Janelle, mwanangu, hilo nalivaa Jumapili."

"Mama, siku hizi unakwenda wapi? Huendi popote. Liache lifanye kazi."

Jamani! Mtu anaambiwa hivyo na mtoto aliyemzaa, tena akiwa bado anapumua.

Sanamu ikaketishwa kwenye kiti cha bembea. Ndani ya ndoo ya chuma, nyuma ya kiti, Janelle akaficha simu yake ya zamani yenye sauti aliyojirekodi mwenyewe akilia kama bibi kizee: "Nisaidieni... nisaidieni..." Ndoo iliikuza ile sauti hadi ikasikika barabarani. Kisha akafunga kamba kuzunguka baraza ili mtu asiguse kitu, na peremende akaziweka kwenye beseni pale getini, na kibao kinachosema kila mtoto achukue mbili. Kwa hiyo mlango wa nyumba ile hakuna ambaye angeugonga jioni ile. Alipanga kila kitu, masikini, isipokuwa mama yake.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi kali, upepo unatoka ziwani. Mimi nilikuwa kwenye kituo cha zimamoto mapema, zamu yangu ya kumimina juisi. Janelle akafika amevaa vizuri, amesuka nywele, hatulii.

"Mama umemwachia nani?" nikamuuliza.

"Anatazama televisheni. Nimemwambia asitoke, ataniharibia mpangilio."

Yaliyotokea huko nyumbani tulikuja kuambiwa na mwenyewe. Bi Bernadine alikuwa ametengeneza taa yake moja kwa siri, kwa siku nyingi, akipumzisha mikono kila tundu. Kopo la maharage lenye matundu ya umbo la nyota. Alitaka tu nayo iwepo barazani pamoja na mapambo mengine, wanafunzi wake wa zamani waione. Akawasha kipande cha mshumaa ndani yake akatoka nje amevaa gauni la kulalia na blanketi mabegani, kwa sababu koti lake, kama mjuavyo, lilikuwa kazini. Mguu ukanasa kwenye utando wa buibui wa uzi wa sufu aliouzungusha Janelle kila mahali. Akaanguka kwa ubavu chini ya kile kiti cha bembea. Mshumaa ukazimika. Nyonga ikavunjika, naye akausikia mfupa ukilia.

Akaanza kuita. "Nisaidieni!"

Na ndoo nayo inaita: "Nisaidieni..."

Watu wakapita. Wakapita, ndugu zangu! Mtaa mzima, na watoto wao, na taa zao za mkononi. Wakasimama kwenye kamba, wakacheka, wakaokota peremende mbilimbili. Picha ninazo, maana walituma wenyewe kwa majivuno kabla hawajajua. Kuna moja ya kijana na mchumba wake wamechuchumaa kwenye kamba wameinua vidole gumba, na nyuma yao Bi Bernadine amenyoosha mkono. Mkono ule wanafikiri umejazwa magazeti. Kuna mama mmoja, jina lake nalihifadhi kwa ajili ya watoto wake, aliyeandika chini ya picha: "Janelle mwaka huu kazidi, mpaka macho yanang'aa." Yalikuwa yanang'aa machozi.

Kituoni, giza lilipoingia, waamuzi wakarudi. Royce Pettibone, mkuu wa zimamoto wetu, mtu mwema mwenye sharubu za kumfaa simba, akapanda juu ya kreti, birika mkononi.

"Haya, tulieni! Dwight, acha donati, umekula za ukoo mzima!" Watu wakacheka. "Mwaka huu hatukubishana hata kidogo. Mshindi ni Janelle Nowicki!"

Vifijo. Tammy akapiga makofi kama mtu anayeua mbu. Janelle akajifunika uso kwa furaha.

Royce akaendelea. "Popo safi, mizimu safi. Lakini kilichotumaliza ni wale bibi wawili. Yule wa kitini sawa, tumezoea. Yule wa pili aliyeanguka chini na taa yake ya kopo, dada, pale umetuweza. Na ile sauti! Mwili ulinisisimka."

Janelle alikuwa ameshalipokea birika. Akaliangalia kama hajui ni nini.

"Wawili?"

"Ndiyo, wawili."

"Mimi nilitengeneza mmoja."

Nikasikia juisi ikichemka jikoni. Janelle akalisema tena kwa sauti ya mtoto, "Royce, mimi nilitengeneza mmoja tu." Birika likaanguka sakafuni, na kabla halijaacha kubiringika wale wanaume walikuwa wamekwisha kurukia gari. Mimi nikakimbia nyuma yao na aproni yangu.

Tulimkuta ameacha kuita. Midomo imekuwa ya buluu, blanketi limepeperushwa na upepo hadi kwenye makaburi ya katoni. Ndoo bado inaita kwa niaba yake. Dwight aliipiga teke ikaruka hadi bustanini, ndipo ikanyamaza. Janelle akapiga magoti akamvulia mama yake jaketi lake mwenyewe, akawa anamsugua mikono na kurudia "Mama, Mama, Mama," na sikumhurumia. Nasema kweli, saa ile sikumhurumia hata chembe.

Walipomlaza kwenye machela Bi Bernadine akafungua macho. Akamtafuta mtu kati ya zile nyuso, akamwona.

"Royce."

"Niko hapa, Bi Bernadine. Usiongee, tunakupeleka hospitali."

"Nilikuita kwa jina lako."

Royce akainama karibu zaidi.

"Ulisimama pale kwenye kamba. Nikasema, Royce, ni mimi, nimeanguka. Ukamwambia mwenzako, 'Sauti safi sana hii.' Ukaandika kitu, ukaondoka." Akavuta pumzi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotuua. "Sanamu gani inayokujua jina, mwanangu?"

Yule mtu mzima mwenye sharubu, aliyewahi kuingia kwenye nyumba inayowaka mara nyingi tu, alilia barabarani mbele ya watoto waliovaa mabawa ya nyuki.

Bi Bernadine hakufa. Aliponea chupuchupu, akalazwa hospitali hadi theluji ikaanguka na kuyeyuka, na hatembei tena. Janelle ameacha kazi ya jioni ili akae naye. Anamwogesha, anamsomea gazeti, na picha zote amezifuta. Watu wanasema amebadilika, na mimi nimeona kwa macho yangu kwamba ni kweli. Lakini ngojeni niwaambie la mwisho.

Pasaka ilipokaribia, Janelle alimnunulia mama yake koti jipya la buluu, zuri kuliko lile lililochanwa, lenye vifungo vikubwa vilevile. Nilikuwepo. Akalifungua kutoka kwenye boksi, akalitandaza juu ya magoti ya mama yake pale kwenye kiti cha magurudumu.

"Jumapili tutakwenda kanisani pamoja, Mama. Nitakusukuma mwenyewe."

Bi Bernadine alilipapasa lile koti, kifungo kimoja kimoja. Akalikunja vizuri kwa ile mikono inayotetemeka, akamrudishia binti yake.

"Ni zuri, mwanangu. Lakini la nini? Si ulisema siendi popote."

Koti liko kabatini hadi leo. Jumapili nikipita pale naliona lango limefungwa, na wawili hao wamekaa dirishani.

MAFUNZO YA HADITHI HII

Mzee wa nyumbani si pambo wala si kizuizi cha pambo. Ukimwondoa mezani kwa sababu mikono yake inatetemeka, umeanza kumzika, na majirani watakusaidia kumfukia bila kujua.

Ninyi wapenda sifa, zihesabuni zile mlizozipata jioni ile, kisha mniambie ni ipi kati yake iliyomwinua yule mama kutoka chini.

Watengenezeeni watoto popo na mizimu, sijakataza, mimi mwenyewe nitatundika wangu Oktoba hii. Ila kabla ya kuwasha taa ya kwanza, mlete mzee wako, mkalishe penye joto, mpe mkasi. Mbawa ikikatwa vibaya itundike hivyo hivyo, mahali pa mbele, watu waione.

Nawe utakayepita barabarani ukasikia "nisaidieni" kutoka barazani mwa mtu, ruka kamba ukaguse. Ikiwa ni magazeti utachekwa kidogo. Ikiwa si magazeti, huyo anaweza kuwa anakuita kwa jina lako.